"Usikuwe rude": neno la Kiingereza lisilotaja kosa

Mwaka jana nilipanga foleni katika ofisi moja hapa katikati ya jiji, nyuma ya mama mzee aliyejifunga leso juu ya sweta. Karatasi zake zilikuwa zimerudishwa mara ya pili. Alipofika dirishani aliuliza kwa nini. Msichana wa upande wa pili akamwambia arudi wiki ijayo. Mama akauliza tena, sauti imepanda kidogo: "Mwanangu, nimeuliza ni kwa nini, sijauliza ni lini." Ndipo msichana akainua macho kwa mara ya kwanza.

"Mama, usikuwe rude."

Mama akanigeukia. Lile neno la mwisho lilikuwa limempita. "Ameniita nini?"

Nikamjibu bila kufikiri. "Anasema umekosa adabu."

Uso wake ulizimika. Alikusanya karatasi zake mojamoja, akazirudisha kwenye bahasha ya kaki, akatoka nje ya foleni. Nilimkuta baadaye kwenye ngazi akipumzika, akaniambia jambo moja tu kwa sauti ya chini: "Mamangu alinifunza."

Tafsiri niliyompa ndiyo ile ya kamusi. Hakuna mwalimu ambaye angenikata alama. Lakini nilimpa mama yule jeraha ambalo msichana wa dirishani hakukusudia kumpa, na tangu siku hiyo neno "rude" limenikaa rohoni. Tunalitumia Nairobi kutwa nzima. Mtoto anaambiwa, mhudumu wa hoteli anaambiwa, makanga anaambiwa, mke anamwambia mume. Nataka kulifungua hapa, kwa sababu naamini wengi wetu tunalirusha bila kujua linaangukia wapi.

Tuanze na asili yake. Waingereza walilipata kutoka Kifaransa cha kale yapata miaka 700 iliyopita, nacho Kifaransa kilikuwa kimelirithi kutoka Kilatini. Katika Kilatini, "rudis" ni kitu ambacho mkono wa fundi bado haujakigusa: jiwe lisilochongwa, shamba lisilolimwa, mtu asiyefundishwa. Anayetaka kuiona maana hiyo kwa macho apite Barabara ya Ngong, pale mafundi wanapounda vitanda na makochi kando ya njia. Mbao ikitoka kwenye msumeno ina vibanzi. Ukiipitishia kiganja inakuchoma. Mbao haina nia mbaya na kiganja chako. Haijapigwa randa tu. Fundi akimaliza na randa anashika msasa, na sasa kiganja kinateleza. Neno ambalo Waingereza hulitumia kama kinyume cha "rude", yaani "polite", limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kulainisha na kung'arisha. Ni kazi ileile ya msasa. Maneno haya mawili yalizaliwa karakana moja.

Ukoo wa neno hili una wengine tunaowafahamu. Masomo ya mwanzo kabisa ya fani yoyote Waingereza huyaita "rudiments". Msomi aliyebobea humwita "erudite", yaani mtu aliyetolewa kwenye ule ubichi.

Nimesema ubichi kwa makusudi, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa na picha hii bila kuazima kwa mtu. Samaki mkunje angali mbichi. Tunasema pia kwamba kijana "amepigwa msasa" tukimaanisha amefundwa akafundika. Lakini tazama tofauti iliyopo. Mzungumzaji wa Kilatini alipomtazama mtu mbichi aliona upungufu. Methali yetu inapomtazama inaona nafasi: huyu bado anakunjika, mwahi. Na lawama, kama ipo, inamwendea yule aliyepaswa kukunja.

Maana ya zamani haijafa kabisa katika Kiingereza, na asiyeijua atapotoka akisoma. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Paulo anawaandikia Wakorintho, barua ya pili, sura ya 11, mstari wa 6, kwamba yeye ni "rude" wa kunena ingawa si wa maarifa. Hakuwa akikiri kwamba anawatukana watu. Anasema hana ufundi wa wale waliosomea kuhutubu. Mwingereza akikwambia bibi yake wa miaka 90 yuko katika "rude health", anashukuru Mungu: bibi ana afya tele. Picha ikiitwa "rude" huko Uingereza, mara nyingi ina watu walio uchi. Na kutoka Jamaika ya miaka ya 1960 alikuja "rude boy", kijana mkaidi wa mitaa ya Kingston aliyelivaa neno hili kama koti la sifa. Reggae ikamleta hadi ndani ya matatu zetu za Eastlands, na hadi leo kuna vijana wanaoitana hivyo kwa mapenzi.

Ila tunapoambiana "usikuwe rude" hatuna hata moja ya maana hizo akilini. Tunazungumzia tabia, na hapo ndipo mtego ulipo.

Kiingereza kina namna mbili za kumwambia mtu neno hili, na hazilingani uzito. Ya kwanza ni "you are rude": wewe ndivyo ulivyo, ni tabia yako. Ya pili ni "you are being rude": sasa hivi, kwa hili unalolitenda, unavuka mpaka. Ya kwanza inahukumu mtu. Ya pili inahukumu dakika moja, na dakika ijayo unaweza kuwa umejirekebisha. Mwingereza mwangalifu huchagua ya pili akiwa na hasira, na huitunza ya kwanza kwa yule aliyemchosha kwa miaka. Tena neno hupenda kutaja lilikoelekea: mtu huwa "rude" kwa fulani, kwa hiyo kuna aliyeumia anayeweza kutajwa.

Kiswahili kina mgawanyo huohuo, tena umeingia ndani ya kitenzi chenyewe. "Umenikosea adabu" ni tendo. Lina mtendaji, lina aliyetendewa, na lina saa yake. Ukiomba radhi limekwisha. "Huna adabu" ni hali. Limemtoa mtu mzima mzima kwenye kundi la waliolelewa. Kati ya hayo mawili kuna "umekosa adabu", ambalo linaweza kusikika kwa upande wowote, kutegemea sauti na kutegemea anayelisikia. Mama yule alilisikia kwa upande mzito. Kwake nilikuwa nimesema kwamba hana adabu, na kwa mtu wa umri wake adabu si jambo unalolikosa asubuhi ukalipata jioni. Ni kazi ya mama yake. Ndiyo maana alinijibu kuhusu mama yake.

Neno adabu lenyewe linastahili kusimama nalo kidogo. Tumelitoa katika Kiarabu, ambako "adab" ni malezi mema na pia ni fasihi, kana kwamba mtu aliyelelewa vizuri na mtu anayejua kulipanga neno ni mmoja. Katika Kiswahili limechukua njia yake. Tuna "shika adabu yako", ambayo ni onyo. Tuna "kumtia mtu adabu", ambayo kwa vizazi vingi vya wanafunzi wa Kenya ilimaanisha kiboko, mpaka viboko vilipopigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Hapo ndipo adabu ilipogusana na adhabu katika vichwa vya watu, na wapo wanaoyachanganya maneno haya mawili hata katika maandishi, ingawa kwa Kiarabu ni mizizi miwili isiyohusiana: moja ni malezi, nyingine ni mateso. Mtu aliyekua akisikia "nitakutia adabu" huku fimbo ikitafutwa hawezi kulisikia neno hilo kwa masikio matulivu. Kwa hiyo ukimtafsiria "rude" kwa adabu, umeongeza juu yake mama mzazi na fimbo, na vyote viwili havikuwemo katika neno la Kiingereza.

Basi ungemwambiaje? Inategemea kosa, na hapa ndipo Kiswahili kinapolizidi neno hili la Kiingereza kwa mbali. "Rude" linasema tu kwamba mwenzako amekwaruzwa, kama kile kiganja juu ya mbao. Halisemi amekwaruzwa na nini.

Mtu anayekujibu neno moja bila kukutazama amekujibu kavu, au kwa mkato. Anayepandisha sauti amekufokea. Anayeingilia maneno yako kabla hujafika mwisho amekukatiza. Haya ni makosa ya namna, na mengi huja na uchovu au haraka. Dharau ni jambo jingine: hapo mtu ameamua kwamba wewe ni mdogo, na anaweza kukuonyesha dharau kwa sauti tamu kabisa na "tafadhali" tatu ndani yake. Nairobi tunasema "ana madharau", na nadhani ule wingi umeongezwa ili kubeba yote tuliyomezeshwa. Ujeuri ni wa mtu anayejua sheria ya mahali na anaivunja mbele yako akikutazama. Ufidhuli unakaribia hapo, ila una ulimi zaidi: mfidhuli humjibu mkubwa wake kama anayejibu rika lake. Msafihi ni yule ambaye kinywa chake hakiishi matusi. Mkorofi hatafuti kukuvunjia heshima, anatafuta ugomvi, na wewe umepita karibu tu.

Mimi lakini ninalolipenda kuliko yote ni la mtaani, na halimo katika orodha za shule. Ni "ameniongelesha vibaya". Halimhukumu mtu. Halimgusi mama yake. Linataja tendo, linataja aliyetendewa, na linaacha mlango wazi wa kuuliza: amesemaje? Kama kuna tafsiri ya kweli ya "she was rude to me", ni hii, na kila mtu kuanzia Kangemi hadi Kayole anaijua.

Kuna chanzo kingine cha mikwaruzo ambacho hakina mwenye kosa. Kila lugha ina mahali inapoficha upole wake. Kiingereza kimeuweka katika maneno ya kupachika: "please", "thank you", "sorry", na maswali ya kuzungukazunguka. Ukiyaondoa, sentensi inabaki na vibanzi. Kiswahili kimeuweka kwingine. Umo katika salamu, kwanza. Anayeanza na shida yake kabla ya "habari yako" amekwisha kukosea hata kama ombi lake ni la kiungwana. Umo katika jina unalomwita mtu, mama, mzee, dada, mwanangu. Umo katika "naomba". Umo pia mwishoni mwa kitenzi: "nipe" ina ile "e" inayolainisha, kwa hiyo "nipe maji" inaweza kuwa ya upole kabisa mezani kati ya watu waliosalimiana. Ukiipeleka neno kwa neno kwenye Kiingereza, inageuka amri, na Mwingereza anayeisikia anadhani umemdharau. Naye akikuambia "please" ishirini bila kukusalimia, wewe unaona kaja kama moto.

Nairobi tumejitengenezea njia yetu. "Nisaidie na chumvi", tunasema, ingawa hakuna aliyezama. Msaada huo ndio "tafadhali" yetu, na hata tukiongea Kiingereza tunaomba kusaidiwa na kalamu, jambo linalomshangaza mgeni. Lakini jirani zetu wa Tanzania wanapofika hapa wanasema Kiswahili chetu ni kikali, na nikiwasikiliza naona wanachokisikia. Kwao mtu dukani huanza na "naomba". Kwetu ni "nataka", au "leta", au jina la kitu peke yake. Tunamwambia mtu "kuja hapa" ambapo Kiswahili sanifu kina "njoo". Shikamoo tumeiachia Pwani na vitabu vya darasa la kwanza.

Sehemu ya jambo hili ina historia, na haipendezi kuikumbuka. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, na walowezi waliofuata walijifunza Kiswahili cha kutosha kutoa maagizo tu. Kilipewa hata jina lake, Kisetla, kutokana na "settler", yaani mlowezi. Kilikuwa na "lete" nyingi na "kuja" nyingi, na "naomba" zake ni za kutafuta kwa tochi, kwa sababu hakikuundwa kwa mazungumzo ya watu wanaoheshimiana. Baba wa watoto watano aliitwa "boi", yaani mvulana, kwa lugha hiyo, jikoni, mbele ya watoto wa mwajiri. Sisemi kila "kuja" ya leo imetoka kinywani mwa mlowezi. Lugha za mama zetu nazo zimeacha alama zao, kila moja na upole wake uliofichwa mahali pake. Lakini jiji lililozaliwa na lugha ya amri halilazwi usiku likaamka na lugha ya maombi.

Na lugha ya amri ilikuwa na sheria nyuma yake. Sheria ya Mabwana na Watumishi iliyoanza mwaka 1906, ikaandikwa upya mwaka 1910, ilimfanya mtumishi aliyemtolea mwajiri maneno ya matusi kuwa mkosaji wa kuadhibiwa. Bwana aliyemtukana mtumishi alikuwa akiongea tu.

Mtu angesema hayo yalikwisha. Basi tuisome Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, ambayo ndiyo inayotuongoza leo, kifungu cha 44. Pametajwa makosa yanayoweza kumfanya mfanyakazi afutwe kazi papo hapo, na miongoni mwake ni kutumia lugha ya matusi au ya kudhalilisha, au kutenda kwa namna ya kumtusi mwajiri au mtu ambaye mwajiri amemweka juu yake. Matusi yanayopanda ngazi yametajwa. Yanayoshuka hayamo katika orodha ile. Nafahamu kwamba orodha hiyo inahusu kumfuta mfanyakazi, si kumrekebisha mwajiri, na aliyetukanwa na bosi ana njia nyingine za kisheria. Hata hivyo naona ndani yake kivuli cha neno letu. Hebu jiulize ni lini mara ya mwisho ulimsikia mtu akimwambia mkubwa wake "usikuwe rude" na akabaki na kazi. Neno hili Nairobi huteremka kama maji: kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, kutoka kwa mwalimu kwenda kwa mwanafunzi, kutoka kwa aliye nyuma ya kioo kwenda kwa aliyesimama kwenye foleni. Mara nyingi sana humfikia mtu aliyeuliza swali.

Lakini sheria hiyohiyo ina kifungu cha 41, na ningependa kila mfanyakazi wa Industrial Area akijue kwa moyo. Mwajiri anayetaka kukufuta kwa utovu wa nidhamu anapaswa kwanza kukueleza sababu, kwa lugha unayoielewa, na una haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama pale unapoelezwa. Kwa lugha unayoielewa. Meneja akisema ulikuwa "rude" kwa mteja, ana wajibu wa kufika chini ya neno hilo: ulisema nini, lini, kwa nani? Ulifoka? Ulitukana? Ulikataa kujibu? Kila moja lina uzito wake na utetezi wake. "Rude" peke yake halina utetezi, kwa sababu halijataja kosa.

Na kwa yule aliye kwenye foleni, Katiba ya 2010 imekwisha kusema. Ibara ya 28 inamhakikishia kila mtu heshima ya utu wake. Ibara ya 47 inataka maamuzi ya ofisi za serikali yawe ya haraka, ya haki na yenye busara, na pale haki ya mtu inapoguswa vibaya na uamuzi huo, ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Mama yule alikuwa ameomba sababu kwa mdomo tu. Alikuwa ameomba pungufu ya haki yake.

Simchukii msichana wa dirishani. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, na pengine alikuwa amefokewa na watu kumi kabla yetu. Neno lililomtoka ni la wepesi, analolisema kwa mdogo wake nyumbani na kwa rafiki anayemchelewesha. Yeye alilirusha kama changarawe. Mimi ndiye niliyeliokota, nikalifunga kwenye jiwe, nikamkabidhi mama wa watu.

Nikirudishwa kwenye foleni ile, nikaulizwa tena "ameniita nini?", nitajibu hivi: "Hajakuita kitu, Mama. Anasema umepandisha sauti." Hilo mama angeliweza. Angegeuka dirishani na kusema ndiyo, mwanangu, nimepandisha, kwa kuwa nimekuuliza mara mbili. Na karatasi zake zingebaki pale juu ya meza, kati yao wawili, zikisubiri kuambiwa ni kwa nini.